Seva ya Tovuti Pemba: Kuisimika, Kuipanga na Kuilinda

Seva ya tovuti ni kompyuta inayokesha. Ndani yake mna programu inayosubiri maombi kutoka kwenye vivinjari vya watu na kuyajibu, mchana na usiku. Mkulima wa Konde akifungua simu kutafuta tangazo la bei ya karafuu, simu yake hutuma ombi la maneno machache. Seva hulisoma, hutafuta ukurasa unaotakiwa, hurudisha jibu, kisha hungoja ombi jingine. Programu mbili ndizo zinazojulikana zaidi kwa kazi hii duniani, na zote hupatikana bure: Apache, iliyoanza mwaka 1995, na Nginx, iliyoandikwa na Igor Sysoev wa Urusi na kutolewa mwaka 2004. Nyuma ya programu hizo huwapo wasaidizi: programu za PHP au Python zinazoandaa kurasa, na hifadhidata kama PostgreSQL au MySQL inayotunza kumbukumbu.

Programu hizo ni zile zile, iwe tovuti ya duka la mtu mmoja au mfumo wa taasisi kubwa. Kinachotofautiana ni uzito wa kilichomo. Pemba ina Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri pale Wawi, inayofanya kazi tangu mwaka 2000. Ina Hospitali ya Abdalla Mzee Mkoani, kampasi ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar Mchangamdogo, na ofisi za ZSTC, shirika linalonunua karafuu za wakulima. Popote penye majibu ya vipimo, matokeo ya mitihani au hesabu za malipo, seva ikizimika kazi husimama, na ikiingiwa na wezi, hasara huwafikia watu ambao hawajui hata kama ipo.

Swali la kwanza hutangulia ununuzi: seva ikae wapi? Ofisi yaweza kununua mashine na kuiweka kwenye jengo lake Chake Chake au Wete, au yaweza kukodi nafasi katika kituo cha data kilicho mbali, Unguja, Dar es Salaam au ng'ambo. Taasisi za Serikali ya Mapinduzi haziamui jambo hili peke yao. Mifumo ya serikali inasimamiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao Zanzibar, eGAZ, na ni busara kuzungumza nayo kabla fedha hazijatoka.

Kwa kisiwa, jibu la swali hilo linategemea bahari. Mawasiliano ya Pemba na dunia huvuka maji, na yakishafika bara hutegemea tena nyaya zilizolala chini ya Bahari ya Hindi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili kati ya hizo, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania ikadorora siku kadhaa. Siku kama hiyo, hospitali ambayo daftari lake la wagonjwa liko kwenye seva ya Ulaya haiwezi kufungua jalada la mgonjwa aliyesimama mbele ya dirisha. Daftari lingekuwa kwenye chumba cha pili, waya wa mita 30 ungetosha. Tovuti ya matangazo ni kinyume chake: wasomaji wake wengi wako nje ya ofisi, wengine Muscat au London, na umeme ukikatika Chake Chake hawapaswi kukosa ukurasa. Kwa ofisi nyingi za Pemba, basi, mgawanyo ndio unaofaa. Mfumo wa kazi za ndani ukae kisiwani, karibu na wanaoutumia. Tovuti ya umma iwekwe kwenye kituo cha data chenye umeme wa uhakika. Anayelazimisha vyote viwili vikae mahali pamoja huishia kutesa upande mmoja.

Seva itakayobaki kisiwani inahitaji chumba, na chumba hicho ndicho kinachoamua mambo mengi kuliko mashine yenyewe. Cha kwanza kupangwa chumbani ni umeme. Hadi mwaka 2010 Pemba iliendeshwa na jenereta za dizeli za Wesha. Mwaka huo ukaunganishwa waya wa chini ya bahari wa kilovolti 33 kutoka upande wa Tanga, kwa msaada wa Norway, na maisha ya ofisi yakabadilika. Lakini waya wa bahari una tabia zake. Unguja iliyajua hayo kati ya Desemba 2009 na Machi 2010, ilipokaa gizani takriban miezi mitatu baada ya hitilafu kwenye njia ya umeme inayotoka bara kwa waya wa baharini kuingilia Fumba. Pemba ilinusurika wakati ule kwa sababu bado ilikuwa ikichoma dizeli yake. Tangu iungwe na bara, nayo imeingia kwenye hesabu ile ile.

Kwa hiyo umeme wa seva hupangwa kwa tabaka. La kwanza ni UPS, kifaa chenye betri kinachoshika umeme unapokatika, nayo hudhaniwa kuwa na nguvu isiyokuwa nayo. UPS ndogo yenye betri mbili za volti 12 na ampea-saa 9 ina wati-saa 216. Seva, ruta na vifaa vya mtandao vikila wati 400 kwa pamoja, hesabu ya kwenye karatasi hutoa dakika 32. Kwa kweli huwa pungufu sana, kwa sababu betri haitoi chote ilichonacho, na betri za risasi hupoteza karibu nusu ya umri wao kwa kila nyuzi 10 za joto zinazozidi nyuzi 25. Katika chumba chenye nyuzi 35, betri iliyoahidiwa miaka minne imechoka baada ya miwili. Kazi ya UPS ni kununua muda, ili jenereta iwake au seva ijizime kwa utaratibu. Kujizima huko hakuji kwenyewe: UPS huunganishwa na seva kwa waya wa USB, na programu kama NUT huambiwa kwamba betri ikishuka kiasi fulani, hifadhidata ifungwe kwanza, kisha mashine izimwe. Hifadhidata inayokatwa umeme katikati ya kuandika yaweza kuamka ikiwa na kurasa zilizoharibika.

Baada ya umeme kukatika huja kurudi kwake, ambako mara nyingi ndiko kunakounguza vifaa. Kifaa cha kusawazisha volti, waya wa ardhi uliopimwa na kinga ya radi ni vitu vya lazima, hasa wakati wa masika. Hewa ya kisiwa nayo ina unyevu na chumvi. Viunganishi vya shaba hupata kutu ya kijani, na feni hushika vumbi lililolowana. Chumba kifungwe vizuri, kiyoyozi kisielekezwe juu ya seva kwa sababu ya matone, na vikiwapo viyoyozi viwili vipokezane zamu. Matundu ya kupitisha nyaya yazibwe. Mjusi hupenda joto la ndani ya UPS, na mjusi mmoja akilala kwenye bodi ya umeme anatosha kuzima ofisi nzima.

Kusimika mfumo wenyewe ni kazi fupi kuliko hayo. Seva nyingi za tovuti hutumia Linux. Debian na Ubuntu ni chaguo la kawaida, la bure, lenye jamii kubwa ya mafundi. Ubuntu hutoa toleo la muda mrefu kila baada ya miaka miwili, mwezi wa Aprili, nalo hupata marekebisho ya usalama bila malipo kwa miaka mitano. Toleo lichaguliwe kwa kuangalia mwisho wake: anayesimika leo toleo lililobakiza mwaka mmoja anajitafutia kazi ya kuhama mapema. Diski ziwe mbili zinazoandikwa sawasawa, ili moja ikifa nyingine iendelee mpaka ya badala ivuke kutoka Unguja. Mfumo usimikwe mtupu, bila mazingira ya picha na bila programu za ziada, maana kila programu iliyomo ni kitu cha kulinda.

Saa ya seva hupuuzwa, na hilo ni kosa. Seva ipewe ukanda wa saa wa Africa/Dar_es_Salaam na programu kama chrony ya kuisahihisha kutoka kwenye mtandao. Saa ikipotea, vyeti vya usalama hukataliwa, na siku ya uchunguzi hakuna awezaye kusema tukio gani lilitangulia jingine.

Kisha hufuata kupanga. Tovuti huhitaji jina, na kwa taasisi ya Tanzania ni vema liishie kwa .tz: go.tz kwa serikali, ac.tz kwa vyuo, or.tz kwa asasi, co.tz kwa biashara. Jina lisajiliwe kwa jina la taasisi na kwa barua pepe ya taasisi. Jina lililosajiliwa kwa barua pepe binafsi ya kijana aliyetengeneza tovuti ni mali iliyo mikononi mwa mtu mwingine, na akihama au akikosana na ofisi, tovuti huondoka naye.

Seva moja yaweza kubeba tovuti kadhaa, kila moja na faili lake la mpangilio linaloeleza jina, folda ya kurasa na mahali pa kuandika kumbukumbu za matukio. Fundi makini akibadilisha neno moja kwenye faili hilo huandika kwanza amri ya `nginx -t`. Amri hiyo husoma mpangilio wote bila kugusa seva inayofanya kazi, na pakikosekana hata nukta-mkato, hutaja faili na mstari wenye kasoro. Likikubalika, `systemctl reload nginx` huupokea mpangilio mpya pasipo kumkata hata msomaji mmoja. Aliyezoea kuzima na kuwasha bila kupima hujikuta seva imelala na simu zinaita.

Kurasa zenyewe ziwe nyepesi. Wasomaji wengi wa Pemba hutumia simu na hununua kifurushi kwa fedha zao. Picha ya megabaiti tano ya kiongozi akikata utepe, ikiwekwa mbele ya tovuti, inamla msomaji kifurushi kabla hajalifikia tangazo alilolijia. Seva iambiwe kubana maandishi kabla ya kuyatuma, picha zipunguzwe, na vivinjari viruhusiwe kutunza vitu visivyobadilika. Hii ni heshima kwa msomaji, na gharama yake ni nusu saa ya fundi.

Mawasiliano kati ya simu na seva yasimbwe, ili anayeyachungulia njiani asiambulie kitu. Hilo hufanywa kwa cheti cha usalama, kile kinacholeta alama ya kufuli kwenye kivinjari. Zamani vyeti vilinunuliwa. Tangu shirika la Let's Encrypt lianze kuvitoa bure mwishoni mwa 2015, kisingizio cha bei hakipo tena. Vyeti vyake vya kawaida hudumu siku 90, na kanuni za dunia zimeamua kwamba kufikia Machi 2029 hakuna cheti cha tovuti ya umma kitakachozidi siku 47. Kwa maana hiyo, kukumbuka tarehe kwa kichwa hakufai. Programu kama certbot huhuisha cheti yenyewe, na kazi ya fundi ni kuhakikisha kwamba inafanya hivyo kweli. Matoleo ya zamani ya usimbaji, TLS 1.0 na 1.1, yalitangazwa kuwa yamepitwa mwaka 2021. Seva ikubali 1.2 na 1.3 tu.

Ulinzi huanza kwa kuhesabu milango. Kila huduma ya mtandao husikiliza kwenye poti yenye namba: 80 na 443 ni za tovuti, 22 ni ya fundi anayeingia kutoka mbali kwa SSH, 3306 na 5432 ni za hifadhidata za MySQL na PostgreSQL. Dunia nzima inahitaji 80 na 443. Hifadhidata isikilize ndani ya mashine yenyewe tu, na poti ya fundi ifunguliwe kwa anwani zinazojulikana au kupitia mtandao binafsi uliosimbwa. Programu ya kuchuja mawasiliano, kama ufw, hufanya hayo kwa amri chache, ila mpangilio wa amri ni muhimu: ruhusa ya SSH itangulie, kichujio kiwashwe baadaye. Fundi aliye Unguja akiwasha kichujio kabla ya kujiruhusu, amejifungia nje, na dawa yake ni kupanda boti ya Pemba.

Kuingia kwa SSH kuwe kwa ufunguo, faili maalumu lililo kwenye kompyuta ya fundi, na nywila zikataliwe kabisa. Mtumiaji mkuu, root, asiingie moja kwa moja. Kila fundi awe na jina lake, ili kumbukumbu zionyeshe nani alifanya nini. Ofisi zenye nywila moja inayojulikana na watu watano, wawili kati yao wakiwa wameshaacha kazi, ni nyingi mno.

Anayedhani kwamba kisiwa kidogo hakina adui afungue faili la kumbukumbu za seva mpya. Kila mstari huanza na anwani ya aliyekuja, hufuata tarehe na saa, kisha ombi lenyewe na namba ya jibu: 200 amepewa, 403 amekatazwa, 404 hakipo, 500 seva imekwama. Seva ikipata anwani ya wazi, haipiti siku bila mistari ya ajabu kuonekana. Saa 8 usiku mtu asiyejulikana anaomba `/wp-login.php`, ukurasa wa kuingilia wa WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, ingawa programu hiyo haimo. Sekunde mbili baadaye anaomba `/.env`, faili ambalo watengeneza programu wazembe huacha ndani yake nywila za hifadhidata. Kisha `/phpmyadmin`, ukurasa wa kusimamia hifadhidata. Hayo hufanywa na programu zinazozunguka anwani zote za dunia, bila kujua wala kujali Pemba iko wapi. Majibu ya 404 kwa maombi hayo ni habari njema. Jibu la 200 mbele ya `/.env` ni sababu ya kuiondoa seva mtandaoni saa ile ile na kubadilisha nywila zote.

Wezi wengi hupita kwenye tundu linalojulikana ambalo dawa yake imeshatolewa. Kampuni ya Equifax ya Marekani ilipoteza taarifa za watu wapatao milioni 147 mwaka 2017 kupitia kasoro ya programu ya Apache Struts. Marekebisho yalitoka mwezi Machi, wavamizi wakaingia Mei. Kampuni hiyo ilikuwa na fedha na wataalamu, ila marekebisho hayakuwekwa. Debian na Ubuntu zinaweza kujisasisha zenyewe kila usiku kwa upande wa usalama, na taasisi isiyo na fundi wa kudumu iruhusu hilo bila woga. Hatari ndogo ya sasisho kuharibu kitu ni nafuu kuliko miezi sita ya tundu lililo wazi. Lakini sasisho la mfumo haligusi WordPress na nyongeza zake, wala programu iliyoandikwa na kampuni ya nje; hizo huhitaji mtu wake, na mkataba wa mtengenezaji useme wazi nani atazirekebisha na kwa muda gani.

Haki za mafaili nazo zina nguvu kubwa. Programu ya tovuti isome kurasa bila kuwa na uwezo wa kuziandika. Folda ambamo wananchi hupakia vyeti na picha za maombi ndiyo pekee iandikwe, na seva ikatazwe kuendesha programu yoyote kutoka humo. Bila katazo hilo, mvamizi hupakia faili la PHP lililojifanya picha, hulifungua kwa kivinjari, na kuanzia hapo seva inamtii yeye.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamgusa anayeingia bila ruhusa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamgusa anayezikusanya taarifa za watu na kuziacha wazi. Tukio la uvamizi huweza kuripotiwa kwa TZ-CERT, kitengo kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na kabla ya kufuta chochote nakala ya kumbukumbu za matukio itunzwe, maana ndiyo ushahidi pekee.

Pamoja na ulinzi wote huo, seva itakuja kuharibika siku moja, na siku hiyo kinachohesabiwa ni nakala za akiba. Diski mbili ndani ya mashine moja hazihesabiwi kuwa nakala: faili likifutwa kwa makosa, linafutwa kwenye zote. Panatakiwa nakala katika jengo jingine la Pemba, na nyingine ng'ambo ya maji. Nakala ya kwanza ikiwa na mamia ya gigabaiti, ni haraka zaidi kuisimba kwenye diski na kumkabidhi mtumishi anayesafiri kwa boti kutoka Mkoani. Baada ya hapo mabadiliko ya kila siku, ambayo ni machache, hupita mtandaoni usiku. Angalau nakala moja iwe imetenganishwa na mtandao, isije programu haribifu inayofunga mafaili ikazifunga na nakala za akiba pia.

Nakala isiyowahi kurejeshwa haijulikani kama ni nakala. Kila robo mwaka fundi achukue kompyuta tupu, arejeshe mfumo mzima kutoka kwenye akiba, na aandike ilimchukua saa ngapi na alikwama wapi. Ndipo hugundulika kwamba hifadhidata ilikuwa hainakiliwi tangu nywila ilipobadilishwa, au kwamba ufunguo wa kusimbua ulikuwa kwenye seva ile ile iliyoungua.

Hayo yote yaandikwe kwenye karatasi, kwa Kiswahili ambacho fundi mpya atakielewa: anwani za mashine, jina la anayeuza vifaa vya umeme wa akiba na betri, tarehe ya kulipia jina la tovuti, mahali zilipo funguo, hatua za kuwasha upya baada ya giza refu. Nakala moja ikae kwenye kabati la mkuu wa ofisi, ndani ya bahasha iliyofungwa. Fundi anapohamishwa kwenda Unguja, ufunguo wake ufutwe siku ile ile ya makabidhiano.

Na mashine ikishazeeka, kwa kawaida baada ya miaka mitano hadi saba, haitoki ofisini na diski zake zikiwa na kumbukumbu. Kufuta mafaili kwa kawaida huondoa majina tu na kuacha maandishi. Diski za kuzunguka huandikwa upya mwanzo hadi mwisho kwa amri kama `shred`, na za kumbukumbu za kielektroniki hufutwa kwa amri ya kiwanda au huvunjwa vipande. Namba za diski hizo huandikwa kwenye daftari la mali pamoja na saini ya aliyezifuta, kisha kasha lililobaki laweza kuuzwa kama chuma chakavu.